Ubao wa Vigingi wa Kadutu

Ukuta ulikuwa mtupu, na Mwalimu Firmin alikuwa amekaa sakafuni mbele yake kama mtu aliyefiwa.

"Baliiba masomo yangu," alisema bila kuinua kichwa. "Yote. Balibeba yote."

Inspekta Constantin Bulonza alitazama huku na huku. Shule, ambayo Firmin huiita masomo, ilikuwepo. Meza za useremala zilikuwepo, randa zimepangwa, misumeno inaning'inia mahali pake, na harufu ya vanishi imejaa hadi kwenye mabati. Kilichokosekana ni kitu kimoja. Pale kilipokuwa kimetundikwa palibaki mstatili mweupe, mkubwa kama mlango.

"Simama, Mwalimu. Mutu hatoi maelezo akiwa chini."

"Niache, Inspekta. Nikisimama nitaanguka."

Basi Bulonza akachuchumaa yeye, na bega la kulia likamchoma hadi akaguna. Alikuwa mtu mnene, mcheshi, mpenda chakula, na mwaka ule wa hamsini na saba weusi wenye cheo cha inspekta mjini Bukavu walikuwa wa kutafuta kwa taa. Cheo hakikumzuia kupanda kilima cha Kadutu kila jioni akisukuma baiskeli yake mpya, kwa sababu kilima kile hakipandwi kwa kukanyaga pedali na mtu mwenye akili. Jana yake alikuwa amepanda na mzigo zaidi ya baiskeli, na bega lilikuwa bado linamkumbusha.

"Haya. Nieleze polepole, kama vile siujui ule ubao."

Nani asiyeujua? Firmin aliuchonga mwenyewe kwa mti wa libuyu: Bukavu nzima na rasi zake zinazoingia ziwani, Kadutu na kilima chake, soko la Nyawera, barabara ya Mudaka, na ile nyingine inayokatiza milima hadi Bunyakiri. Kila kijana aliyemaliza shule ya ufundi na kupata kazi alirudi na kigingi kidogo alichochonga kwa mkono wake, akakigongomea mahali anapofanyia kazi. Cheupe kwa maseremala, chekundu kwa waashi, cheusi kwa makanika. Siku hiyo watu wa kwao walileta kasiksi, pombe ya ndizi iliyoiva sawasawa, na wanafunzi wakagonga meza kwa nyundo mpaka majirani wakalalamika.

"Kesho kutwa, Jumamosi ya posho, mujumbe wa ruzuku anakuja," Firmin alisema. "Hataki hotuba, yule. Anauliza swali moja: vijana munaofundisha banaishia wapi? Mi namuonyesha ubao. Anaangalia, anaona, anaandika masomo ipewe feza. Sasa nitamuonyesha nini? Ukuta?"

"Na asipoona?"

"Atafunga. Tena mwaka huu feza iko kidogo. Hata ubao ukiwepo, bilo ya serikali inataka kufunga kile chumba cha binti, cha kushona, ili makanika bapate fasi."

"Juu ya nini cha kushona?"

"Juu ku ubao hakina kigingi hata kimoja."

"Binti hawapati kazi?"

"Banashona ku manyumba. Mu soko. Kila mutu na mashine yake. Hapana patron wa kubalipa. Na kigingi ni cha mutu mwenye patron, njo sheria."

Bulonza aliitikia kwa kichwa. "Hata bibi yangu, mama ya mutoto wetu Jeanine, alipita humu. Eulalie. Sasa anashona-shona tu nyumbani. Hiyo si kazi."

"Njo vile," Firmin alisema. "Si kazi."

Wakaelewana, wanaume wawili wenye akili timamu, na Bulonza akasimama kuanza upelelezi.

Eneo la tukio lilimshangaza. Mlango haukuvunjwa. Skurubu nne zilizoshika ubao hazikung'olewa kwa nguvu. Zilifunguliwa taratibu, zikawekwa dirishani ndani ya kifuniko cha kopo ili zisipotee. Sakafu chini ya ukuta ilifagiwa. Na kwenye kila pembe ya ule mstatili mweupe palichorwa mstari mwembamba wa buluu.

"Hii chaki ni ya kwako?"

"Seremala anatumia kalamu ya risasi," Firmin alisema, akionyesha iliyokuwa nyuma ya sikio lake.

"Na nani alifagia?"

"Hapa? Vijana wangu? Inspekta, usinichekeshe na mi niko kulia."

Bulonza alipuliza unga wa alama za vidole kwenye kifuniko cha kopo. Hakupata alama. Kifuniko kilikuwa kimefutwa vizuri kama sahani ya mgeni. Alianza kuhisi kwamba anamfuatilia mwizi mwenye adabu kuliko yeye.

"Ubao una uzito gani?"

"Wanaume wane. Na bajikaze."

Wanaume wanne na mlango mmoja wa mbao hawapotei hivi hivi. Bulonza akaenda langoni.

Zamu, mlinzi wa shule, alikuwa Muzee Barthélemy, askari wa zamani aliyepigana Abisinia na ambaye mpaka leo alijibu kila swali akiwa amebana visigino.

"Jana jioni ulikuwa wapi?"

"Ku mulango!"

"Nani alitosha kitu inje?"

"Hakuna mutu!"

"Gari liliingia?"

"Hapana!"

"Mukokoteni?"

"Hapana! Inspekta, mi nililinda daraja Abisinia. Hata mende haitanipita."

"Sawa, Muzee. Basi niambie nani alipita, hata kama hakubeba kitu."

Barthélemy alifikiri. "Wanafunzi. Halafu baalimu. Halafu maiti."

"Ah, ile maiti."

"Ile. Ba maman balikuwa wanaibeba mu kipoyi, banalia. Nikatosha kofia, nikageuza uso, maana kuangalia maiti ya mutu hujui si muzuri."

Bulonza hakuuliza zaidi. Njia ya mkato kutoka hospitali hupita katikati ya uwanja wa shule, na kila mtu wa Kadutu huitumia, wazima kwa wafu. Tena yeye mwenyewe alikutana na msafara ule juu zaidi kilimani: wanawake wamejifunika vikwembe hadi machoni, kipoyi, ile machela ya miti, kimefunikwa blanketi, vilio vinapasua moyo. Alilaza baiskeli kando ya njia, akavua kofia, akaingiza bega chini ya mti wa kipoyi. Ndivyo ilivyo. Mwanaume anayekutana na maiti akapita kama haoni, hata wajukuu wake watasimangwa. Alibeba mpaka juu kabisa, mbele ya lupango, ua wa nyumba ya Yolande, fundi wa nguo, na hapo wanawake wakamwambia aksanti, papa, sisi tutaingiza wenyewe.

"Alikuwa mutu muzito, yule marehemu," Bulonza alisema, akipapasa bega.

"Mungu amupumuzishe," zamu alisema.

"Amina."

Kisha Bulonza akavuka uwanja kwenda kuhoji chumba cha kushona.

Kwa kawaida chumba kile kilivuma kama mzinga. Asubuhi ile mashine mbili tu zilisikika. Maman Adolphine, mwalimu wa ushonaji, mjane mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alikuwa akikata kitambaa.

"Karibu, Inspekta. Pole na bega."

"Aksanti, Maman. Ulisikia habari ya ubao?"

"Nilisikia Firmin analia. Kadutu muzima ilisikia."

"Jana jioni ulifunga saa ngapi?"

"Kama siku zote."

"Uliona mutu asiyejulikana?"

"Hapana. Bote ni bale banajulikana."

"Na binti? Mbona leo ni wawili?"

"Balienda ku matanga."

"Ya yule wa jana?"

"Ya yule wa jana," Maman Adolphine alisema, akainamisha kichwa. Alipokiinua alikuwa anaangalia koti la Bulonza. "Koti yako ilipasuka hapa ku bega. Simama vile vile." Akachora juu ya mpasuko mstari mmoja mwembamba, haraka, kama anavyochora kila siku ya Mungu. "Uniletee kesho niishone. Serikali haitembee na matambara."

Bulonza akamshukuru. Alikuwa anafikiria chakula cha mchana.

Lakini kabla ya chakula palikuwa na mshukiwa. Firmin alimpa jina bila kuombwa: Lucien, seremala, mwanafunzi wa zamani, kichwa kigumu. Mwaka juzi alikuja na kigingi chake cheupe, na mama yake na mtungi wa kasiksi nyuma yake, Firmin akamrudisha. Lucien hakuwa na patron. Alikuwa na kibanda chake mwenyewe Nyawera, anauza viti. Aliondoka akiapa kwamba ubao ule siku moja utamjua.

Bulonza alimkuta kibandani, anapiga randa na kuimba. Vidole vyake vilikuwa vya manjano.

"Lucien. Ubao iko wapi?"

"Ubao gani? Hapa iko mbao mingi."

"Wa Firmin."

"Ah. Uliibiwa." Kijana hakuacha kucheka. "Habari ilifika hapa mbele ya chai na mampa ya asubuhi."

"Uliapa utaufanyia kitu."

"Niliapa utanijua. Kumujua mutu ni kumwiba?"

"Vidole yako. Ni rangi gani?"

"Ya njano."

"Kiti gani cha njano unatengeneza?"

"Hapana kiti." Lucien aliweka randa chini. "Vigingi. Nilipata komande ya kupaka vigingi rangi. Mingi! Benyewe balishachonga, bakaniletea nipake tu. Sikulipisha."

"Nani alikupa komande?"

"Fundi hasemi siri ya mwenye komande."

"Ukilala mu kashoo utasema."

"Inspekta, unifunge. Lakini utafunga batu mingi, na kashoo yako ni ndogo." Akamtazama bega, kisha akauma mdomo kuzuia kicheko. "Tena utaanza kufunga karibu sana na wewe."

Bulonza alisimama pale akiwa na hasira na njaa. Vigingi vya manjano? Maseremala weupe, waashi wekundu, makanika weusi. Hakuna ufundi wa manjano. Angeweza kumpeleka Lucien kituoni, ila Komisari, Mbelgiji mwenye masharubu, angeuliza ubao uko wapi, na jibu lingekuwa lile lile. Asubuhi Komisari alikuwa amempa muda hadi kesho jioni. "Ukishindwa na mbao, Bulonza," alimwambia, "utashindwa na watu."

Basi akafanya kile ambacho mtu wa kwao hufanya akili ikikwama: akatimiza wajibu uliokuwa karibu. Aliyebeba maiti lazima aende kukaa matangani. Alinunua furushi la sukari pale sokoni, akalifunga kwenye baiskeli, akapanda Kadutu.

Njiani hakusikia kilio.

Alipita mtaa mmoja, wa pili. Hakuona moto wa matanga uwanjani, wala wanaume waliokaa kwenye mabenchi ya kuazima, wala mtu aliyenyoa nywele. Mbele ya kisima alimkuta mama anayejua habari za kila nyumba, akamwuliza.

"Maman, matanga iko ku nani?"

"Matanga gani?"

"Ya yule aliletwa jana jioni. Kutoka hospitali."

"Papa Jeanine, huku kwetu hakuna mutu alikufa. Tangu Pasaka hatujazika. Mungu ni mukubwa."

"Lakini mi nilibeba!"

"Ulibeba nani?"

Bulonza alishika bega.

Alibeba nani? Alibeba mtu mzito kama wanaume wanne. Mtu bapa, asiyelegea kwenye mtikisiko, mwenye ukingo uliomkata bega na kupasua koti. Mtu aliyenukia, naye akadhani ni dawa ya hospitali, na leo asubuhi harufu hiyohiyo ilimpokea kwenye karakana ya Firmin. Vanishi! Akageuza shingo kutazama bega lake. Ule mstari mwembamba wa buluu ulikuwa bado pale, ndugu wa damu wa ile mistari minne ya ukutani. Seremala hutumia kalamu ya risasi. Chaki ya buluu ni ya fundi wa nguo, na fundi wa nguo huchora alama ili kitu kirudi mahali pake. Na Maman Adolphine alimpa pole ya bega kabla hajaligusa!

"Yesu na Maria," Inspekta Bulonza alisema. "Ni miye mwizi."

Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika usukani wa baiskeli kwa mikono miwili, na mama wa kisima akasogeza mtungi wake mbali naye.

Lango la Yolande lilikuwa limefungwa. Ndani zilisikika sauti za wanawake wengi na nyundo ndogo, to, to, to. Bulonza hakubisha. Alisukuma.

Ubao ulikuwa umelazwa juu ya meza ya kukatia, katikati ya uwanja, mchana kweupe, kama bibi harusi anayesukwa. Wanawake waliuzunguka, na mitungi ya kasiksi kutoka kwa watu wa kwao imepangwa kando. Wengine aliwajua, wengine walikuwa na vumbi la barabara miguuni: watu wa Mudaka, na mmoja kutoka Bunyakiri aliyeteremka asubuhi ile juu ya lori la ndizi, mtoto mgongoni. Nyundo ilikuwa mkononi mwake. Wote wakaganda.

"Mimi ni Inspekta wa polisi," Bulonza alisema, akijitahidi kukunja uso. "Nilikuja ku matanga. Marehemu iko wapi?"

Msichana mmoja alijibana pua asicheke, akashindwa, na kicheko kikapita uwanjani kote. Maman Adolphine alivua miwani.

"Ni miye," alisema. "Hawa bote nilibaita. Uniandike mimi."

"Ulifungua skurubu?"

"Nilifungua."

"Ulifagia?"

"Unga wa ukuta ulianguka ku sakafu. Ningeiacha vile?"

"Ukafunika ubao blanketi, ukalia kilio mbele ya mutu aliyepigana Abisinia, ukanibebesha mi mali ya wizi kilima kizima."

"Wewe ulijibebesha. Sisi tulikatala, ukasema mwanaume hawezi kupita. Tungefanya nini? Tulizidisha kulia."

"Juu ya nini, Maman? Firmin iko karibu kufa kule!"

Hapo Maman Adolphine hakuwa na utani tena. Alishika ukingo wa ubao.

"Firmin nilimuomba mwaka huu, nilimuomba mwaka jana. Nilimwambia: binti zangu bako kazini, ubatie ku ubao. Ananijibu, patron yao ni nani? Inspekta, yule aliyeshona kanzu ya misa ya Paroko, patron yake ni nani? Huyu wa Bunyakiri anavalisha masomo muzima, watoto bote unawaona ni mukono wake. Huyu wa Mudaka alifundisha dada zake wane. Mujumbe atakuja, ataangalia ubao, atasema kushona haizai kitu, atafunga chumba. Na atakuwa amesema kweli, juu ubao ndivyo unasema! Ubao unasema uongo, Inspekta. Nilitaka useme kweli hata siku moja."

"Ungeleta vigingi pale pale karakana."

"Firmin anakaa pale mpaka jua inaingia. Na kigingi haitiwe na mutu mwingine, lazima mwenyewe, kwa mukono wake. Hawa banatoka mbali. Kesho jioni tungerudisha fasi yake, ku alama."

"Kwa njia gani?"

"Ile ile."

"Maiti irudi hospitali?"

"Tungesema alifufuka," mwanamke wa Bunyakiri alisema, na uwanja ukalipuka.

Bulonza alisogea. Hakuwahi kuona kitu kama kile. Manjano ilijaa Nyawera, ikateremka barabara ya Mudaka, ikapenya milima peke yake mpaka Bunyakiri, ikazagaa kwenye rasi zote na kila kichochoro cha Kadutu. Miji ile ile, ila sasa ilikuwa na watu. Pale Nyawera aliona pia kigingi kimoja cheupe kipya, akajua ni cha Lucien, malipo ya rangi.

Karibu na kambi ya polisi palikuwa na tundu moja tupu.

"Hapa ni wapi?"

"Unajua ni wapi," sauti ilisema nyuma yake.

Hakuhitaji kugeuka. Jana usiku sauti hiyo ilimwuliza ameumia wapi, na mikono ya mwenye sauti hiyo ikampaka mawese begani, huku ikitetemeka. Yeye alidhani mke wake anamlilia marehemu. Kumbe Eulalie alikuwa anajiuma ulimi asipasuke kwa kicheko.

"Mama Jeanine," Bulonza alisema. "Na wewe ulikuwa ku kipoyi?"

"Nilikuwa nyuma yako. Nilikuwa nalia kupita bote."

"Hapa ni kwetu."

"Njo kwetu."

"Kigingi iko wapi?"

Eulalie alifungua kiganja. Kilikuwamo, kidogo, cha manjano, kimechongwa vizuri.

"Mbona haujakitia?"

"Nilikuwa namungojea ule anasema nashona-shona tu." Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililomchoma Bulonza. "Papa Jeanine, mutoto anasoma ku masomo ya watawa, ku ba masere. Nani analipa?"

"Mi."

Wanawake wote walitazama juu, mawinguni, kwa adabu.

"Feza ya kwako inalipa baiskeli," Eulalie alisema.

Bulonza alitazama baiskeli yake pale langoni, mpya, inang'aa. Kwa miaka yote ya kazi yake aliwahoji watu kuhusu nani anafanya nini na wapi. Nyumbani mwake mashine ya kushona ililia kila alfajiri kabla hajaamka, na hakuwahi kuihoji. Aliona aibu, aibu ya kweli, na pamoja nayo furaha ya ajabu ya mtu aliyegundua kwamba ameoa vizuri kuliko alivyodhani. Akafungua kamba, akatoa furushi la sukari.

"Nilileta ya matanga," alisema. "Mupike chai. Halafu marehemu arudi kwake leo hii, mchana, uso wazi."

Wakarudi na nyimbo za harusi. Blanketi liliachwa nyumbani. Wanaume waliokutana nao walivua kofia kwa mazoea, wakaona ni nini, wakavaa tena, kisha wakaingiza mabega hata hivyo. Langoni Barthélemy alibana visigino, akatazama kipoyi, akamtazama Inspekta.

"Ni ile maiti?"

"Ni yeye, Muzee."

"Na mi nilisema Baba Yetu tatu!"

Firmin alitoka karakanani akikimbia. Aliukumbatia ubao kwanza, na baadaye ndipo akaona. Kidole chake kilitembea polepole juu ya ile manjano, mtaa kwa mtaa. Midomo yake ilicheza.

"Lakini sheria..."

"Ya nani?" Bulonza aliuliza. "Ilishuka na Musa?"

"Niliitunga mi."

"Basi mwenyewe iko hapa. Sasa, Mwalimu, wewe ni mulalamikaji. Ukiendelea na kesi, nakamata Maman Adolphine. Halafu nakamata bote balibeba, sheria inataka. Kuko mmoja munene, na cheo, aliyebeba kilima kizima. Niletee pingu yangu, nianze naye."

Firmin alijaribu kukaza uso. Uso ukakataa. Alimtazama Adolphine, akatazama Bunyakiri, kale kanjano peke yake kule milimani, na machozi ya asubuhi yakarudi, safari hii na meno nje.

"Niliwafungia hawa mulango miaka yote," alisema. "Maman, unisamehe. Mulete skurubu."

Kwa Komisari, Bulonza alitoa taarifa fupi: mali imepatikana, haikuondoka mikononi mwa walimu wa shule, mlalamikaji ameondoa shauri. Kuhusu usafirishaji alieleza kwamba polisi walisaidia. Komisari alivuta masharubu, akaamua kutouliza.

Siku ya posho mjumbe wa ruzuku alifika, Mbelgiji mrefu mwenye uso mwekundu na haraka nyingi. Alisimama mbele ya ubao na haraka ikamwisha.

"Hizi za njano?"

"Wanawake wa kushona," Firmin alisema kwa sauti ya kusikika. "Kila mmoja ni kazi. Nilikosa kuwahesabu. Kosa ni langu."

"Wanafanya kazi kwa nani?"

"Ku miji yote hii, Bwana," Maman Adolphine alisema, "kuanzia ku shati uliyovaa. Nimetambua kola. Ni ya Nyawera."

Mjumbe alishika kola yake. Alitembea ukutani mara mbili, akauliza habari za Bunyakiri, akamsikiliza mwenyewe wa Bunyakiri akijibu, na mwishowe akasema chumba cha kushona hakitafungwa. Makanika watajengewa chao. Vigelegele vikamkatiza kabla hajamaliza. Yeye alikuwa ameinama karibu na ubao.

"Tundu hili halina kitu," alisema.

Eulalie alikuwa mbele, kigingi mkononi, na hakusogea. Firmin alikohoa.

"Iko desturi, Bwana. Kigingi haitiwe bila kasiksi. Watu wa kwao lazima balete, njo bakubali ile kazi ni kazi."

Mama yake Eulalie alikuwa amekufa zamani, na hakuwa na mwingine wa kwao. Watu wote wakatazama chini, isipokuwa Eulalie. Yeye alimtafuta mumewe kwa macho. Lakini Bulonza hakuwepo. Alikuwa amesimama pale mlangoni sasa hivi, na sasa mlango ulikuwa wazi.

Akaingia anahema. Mtungi ulikuwa begani, bega lile lile bovu, umejaa hadi shingoni, na kasiksi ilikuwa inamwagikia koti alilokuwa ameshonewa jana. Alikuwa ameupandisha kutoka Mudaka alfajiri, kwa miguu, akauficha langoni. Baiskeli alimpa Lucien aiuze, ili naye achangie ada ya Jeanine.

"Mi njo mutu wa kwao," alisema. "Ugongomee, Mama Jeanine."

Naye Eulalie akagongomea.